Karatasi Italala Wapi?

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha chapa cha Shinyanga sikupewa herufi wala wino. Nilipewa kipande cha karatasi nikaambiwa nikilambe. Aliyenipa alikuwa Mzee Feruzi, mpanga herufi, mtu wa Tabora aliyejifunza kazi kwa wamisionari tangu enzi za Mjerumani. Alikuwa mfupi, na miwani yake ilishikizwa sikioni kwa uzi. Nilidhani ananifanyia mzaha wanaofanyiwa wageni, lakini nikalamba, na ulimi ukanata.

"Umeonaje?" akaniuliza.

"Imenata, mzee."

"Basi hiyo inakunywa. Ukiipigia kitabu cha kuandikia, wino wa karani utasambaa mpaka nambari nane iwe sifuri. Hiyo ni ya matangazo tu. Haya, lamba na hii."

Nililamba karatasi siku ile mpaka chakula cha mchana kikanishinda. Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaobaki pale, kwa kuwa macho yangu yamezikataa herufi ndogo na Bwana Hirji, mwenye kiwanda, ameniruhusu nikapumzike. Habari za kupandishwa cheo siziandiki. Tulikuwa watu watatu chini ya bati moja. Ukipanda, unapanda wapi? Nitawaeleza karatasi, maana herufi hata mjinga atazipanga siku moja, lakini karatasi ilinitia aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Mashine yetu ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani kubwa yenye hasira. Mzee Feruzi hakuniruhusu kuikanyaga mpaka nijue mambo matatu. La kwanza ni ulimi, mmekwisha lisikia. La pili ni sikio: shika karatasi pembeni uitikise. Ikilia kwa ukali ina gundi ya kutosha, ikinong'ona ni laini na itakuchokesha. La tatu ni mkondo. Karatasi ina mkondo wake kama ubao. Ukiirarua kwa kuufuata inakwenda sawasawa, ukiukata inakuja na meno. Kadi ikikunjwa kinyume cha mkondo hupasuka mgongoni, na mwenye harusi atakuuliza kama umeiombea ndoa yake ivunjike.

Juu ya yote hayo matatu kulikuwa na swali moja. Mteja akiingia, Mzee Feruzi hakuuliza anataka ngapi, wala rangi gani. Aliuliza, "Karatasi italala wapi?" Wateja wengine walicheka. Tajiri mmoja wa duka la nguo alimjibu kwamba karatasi yake italala kitandani na mkewe. Mzee hakucheka. Alingoja jibu la kweli, na asipolipata hakugusa rafu ya karatasi.

Nilijifunza maana ya swali hilo kwenye makopo ya samli. Muuza samli alitaka lebo, tukampigia kwenye karatasi nzuri nyeupe, nyembamba. Baada ya wiki moja mafuta yalikwisha ingia, karatasi ikawa kama dirisha, na jina la mwenye mali halisomeki ila bati la kopo linaonekana vizuri sana. Mzee alikuwa safarini wakati oda ile inachukuliwa. Aliporudi alitazama kopo, akasema tu, "Ililala na mafuta, na hamkuuliza." Tukarudia kazi kwa karatasi nzito yenye gundi nyingi.

Baadaye reli ikafika Shinyanga, na rimu za karatasi zikaanza kuja kwa behewa badala ya mabegani mwa watu na magari ya ng'ombe. Tukaletewa karatasi ambazo hata Mzee Feruzi hakuwahi kuzilamba. Kazi nazo zikaongezeka: bahasha za wafanyabiashara, kadi, matangazo ya masoko ya pamba. Matangazo ndiyo yaliyonikutanisha na Masanja.

Masanja alikuwa mkulima wa Kishapu, mrefu, mwenye maneno machache. Mnunuzi wa pamba alimpa kazi ya kubandika matangazo yetu kwenye nguzo za soko. Siku moja akaingia kiwandani mikono mitupu.

"Mwangaluka," akasalimu kwa Kisukuma. "Matangazo yameisha."

"Yote? Umeyabandika lini?"

"Jana. Mbuzi wameyala."

Bwana Hirji alifikiri tunatukanwa. Lakini Masanja alitueleza taratibu kwamba gundi yetu ya unga wa muhogo ni tamu, na mbuzi wa Kishapu wakati wa kiangazi hawachagui chakula. Mimi nilikuwa tayari kutafuta karatasi ngumu zaidi. Masanja akatikisa kichwa. "Karatasi haina kosa. Tia shubiri kwenye gundi." Tukatia, na mbuzi wakaonja mara moja tu. Mngedhani hapo ningejifunza kwamba anayeishika karatasi anajua mambo ambayo anayeichapa hayajui. Sikujifunza. Nilicheka, nikamsimulia kila mtu habari za mbuzi, basi.

Miaka ya dhahabu ilipoanza upande wa Geita, nusu ya vijana wa Kishapu walikwenda huko, na Masanja akawa mmoja wao, na mkewe Mama Kulwa akamfuata. Na sisi dhahabu ikatufikia kwa njia nyingine. Karani wa mgodi mmoja wa huko, si mbali sana na Nyarugusu, alikuja na oda kubwa. Walitaka vitabu vya tiketi zenye nambari. Kila nambari ichapwe mara mbili: kishina kibaki kitabuni pamoja na jina la mahali jiwe lilipotolewa, na tiketi iingie ndani ya mfuko pamoja na jiwe lenyewe, ili wapimaji wajue jiwe hili limetoka shimo gani.

Mzee Feruzi wakati huo alikuwa anaumwa mgongo, na mimi ndimi niliyekuwa fundi. Rafuni kulikuwa na karatasi ya kung'aa iliyobaki kwenye kazi ya kalenda. Ilikuwa nzuri jamani! Nyeupe, laini kama kioo, na nambari zilikaa juu yake wazi kabisa. Niliitikisa, ikalia. Niliirarua, ikakaza. Karani wa mgodi alipoiona alisema bwana wake atafurahi. Mzee Feruzi alikuja siku hiyo kututazama, akalowesha kidole akakipitisha juu ya karatasi, kidole kikatoka na weupe.

"Inaacha chaki," alisema. "Italala wapi?"

"Na mawe, mzee," nikamjibu. "Jiwe ni kitu kikavu."

Nataka mlisome vizuri jibu hilo. Nilizaliwa Shinyanga. Mawe ninayoyajua mimi ni haya yaliyotuzunguka, ambayo mchana wa kiangazi huwezi kuyakalia. Mtu wa Shinyanga akiambiwa jiwe, anaona joto na mjusi. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna mawe yanayotolewa chini yakiwa yanachuruzika tope. Mzee alikuwa na maumivu, hakubishana. Nikachapa vitabu vyote kwa siku nne, nikaviona vinapakiwa, nikajisifu.

Ilipita kama miezi miwili. Asubuhi moja Mama Kulwa akaingia kiwandani, vumbi mpaka nyusi.

"Shikamoo, Baba Zuhura."

"Marahaba, Mama Kulwa. Habari za Geita?"

Alikaa kwenye rimu bila kukaribishwa, akaeleza. Masanja alikuwa mchukua mawe ya kupimwa. Kazi yake kujaza mifuko, kutia tiketi na kuipeleka kwa wapimaji. Sanduku moja lilifunguliwa, na katika mifuko yote hapakuwa na tiketi inayosomeka. Mawe ya shimo lenye dhahabu na ya shimo lisilo na kitu yalikuwa hayajulikani tena. Mzungu mkubwa wa pale, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mawe, alisema tiketi zimetafunwa kwa makusudi, na Masanja amefanya hivyo ili abadilishe mifuko na kuyauza mawe mazuri kwa walanguzi. Sasa Masanja alikuwa amefungiwa stoo. Gari la polisi likija, atapelekwa mahakamani kwa wizi wa dhahabu, na kwa wizi wa dhahabu hapakuwa na msamaha.

"Ninyi mnajua maneno ya vitabu," alisema. "Niandikie barua kwa Bwana Mawe. Mwambie mume wangu hakuiba. Iandike kwenye karatasi nzuri, aiheshimu." Akanyoosha mkono kwenye rafu, akaonyesha ile ya kung'aa. "Hiyo."

Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa kitu alichokiokota jalalani nje ya ofisi ya wapimaji. Lilikuwa donge jeupe kama ugali uliokauka, limeshika changarawe, na upande mmoja palikuwa na nusu ya nambari tatu, imegeuka kinyumenyume kwa kuwa ilikuwa imehamia kwenye tabaka jingine. Herufi zangu nilizijua, kwa maana tatu yetu ilikuwa na mkia uliovunjika. Masanja hakutafuna kitu. Chaki ya karatasi yangu ndiyo iliyoloa ikageuka gundi, tiketi ikanatana yenyewe kwa yenyewe, na mpimaji alipojaribu kuifungua, uso wenye nambari ukabanduka.

"Mama Kulwa," nikamwambia, "siandiki barua. Nakwenda mwenyewe."

Bwana Hirji alisikia. Hakuwa mtu mbaya, na neno alilolisema kila mwenye duka angelisema. "Idi, fikiri. Ukienda kusema karatasi yetu ni mbovu, mgodi hautatupa kazi tena, na migodi mingine itasikia. Andika barua ya kumwombea huruma, inatosha."

"Huruma huombewa mwenye kosa, bwana. Huyu hana."

"Na wewe ukifika kule wakakufunga badala yake?"

Nilikuwa na hofu, sikatai. Lakini nilikuwa nimekwisha kata shauri, na mtu aliyekata shauri hasikii vizuri.

Nilikwenda kwa Mzee Feruzi nyumbani, nikamwekea donge kitandani. Nilingoja anitukane. Badala yake akasema, "Usiende na maneno. Maneno wanayo wao. Nenda na mifuko." Tukafanya hivi, na ninyi mfanye hivi kila mnapopewa karatasi msiyoijua: tulisaga mawe, tukayalowesha, tukajaza vifuko sita, na katika kila kifuko tukatia aina moja ya karatasi iliyochapwa nambari. Siku ya pili tukafungua. Ya magazeti ilikuwa uji. Ya vitabu ilisomeka, ila ukiigusa inakufa. Ya kung'aa ilikuwa donge, ndugu wa lile la Mama Kulwa. Ya manila, ile ya rangi ya udongo tuliyokuwa tukiidharau na kuifanyia majalada, iliyotengenezwa kwa nyuzi ngumu kama katani, ilitoka na tope lake, ikasuguliwa kwa kidole, na nambari ikang'aa kama imechapwa leo. Mzee aliniambia nichukue penseli pia, wala si kalamu ya wino, kwa kuwa penseli haijui maji.

Lori lilituchukua, mimi na Mama Kulwa, kwa njia ya Kahama. Kadiri tulivyokwenda, nilikuwa nikitoa karatasi mfukoni na kuitikisa. Pale Shinyanga ililia. Siku ya pili ikapunguza sauti. Tulipofika kwenye vilima vya Geita, penye miti na umande, karatasi ile ile ilinong'ona. Kazi yangu yote nilikuwa nimeipima kwa sikio la Shinyanga.

Bwana Mawe alitupokea nje, kwenye baraza ya ofisi, wafanyakazi wakitazama. Alikuwa na uso mwekundu na Kiswahili cha kuamrisha.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyechapa tiketi zako, bwana. Nimekuja kusema kwamba Masanja hana kosa. Kosa ni langu. Nilichagua karatasi isiyofaa."

"Karatasi ilikuwa nzuri sana. Niliiona."

"Kuiona ni nzuri, bwana. Haiwezi maji."

Akaniambia kwamba mimi ni ndugu yake Masanja na nimekuja kudanganya. Nikamwonyesha donge, akasema hata mimi naweza kutafuna karatasi. Basi nikatoa tiketi mbili, moja ya kung'aa na moja ya manila, nikaziweka mezani.

"Sitazigusa tena," nikasema. "Andika neno lako mwenyewe kwa penseli yako. Tia kwenye mifuko yako, na mawe yako yaliyotoka chini leo. Funga kwenye sanduku lako, ufunguo kaa nao. Baada ya siku tatu fungua. Ikiwa ya kung'aa inasomeka, niweke stoo pamoja na Masanja, na gari likija tupande wote."

Nilimsikia Mama Kulwa nyuma yangu akivuta pumzi. Bwana Mawe alinitazama kama mtu anayepima jiwe, kisha akaichukua penseli.

Siku tatu hizo nilikaa nje ya kambi na Mama Kulwa akanipikia. Kila gari lililosikika barabarani tulisimama wote wawili. Siku ya pili mvua ilinyesha, nikaona watu wakipanda kutoka chini na mifuko inayotiririka, na mikono yao imefunikwa tope mpaka kiwikoni, na kwa mikono hiyo walikuwa wakichomoa tiketi kutoka vitabuni. Nilitazama mpaka nikaona haya. Ningekuja hapa siku moja tu kabla ya kuchapa, au ningemwuliza mtu mmoja tu mwenye mikono kama ile, Masanja angekuwa anapanda pamoja nao.

Siku ya tatu Bwana Mawe alifungua sanduku mbele ya watu. Akatia mkono kwenye mfuko wa kwanza, akatoa tiketi ya manila, akaifuta kwa kidole gumba. Alisoma neno lake mwenyewe. Akatia mkono kwenye mfuko wa pili, akapapasa, akapapasa tena, akatoa donge. Alijaribu kulifungua kwa kucha, likaacha uso wake kidoleni. Kisha akamwambia askari wa stoo, "Mfungue."

Masanja alitoka akifumba macho kwa jua. Alikuwa amekonda. Mama Kulwa alimwendea, akamkung'uta vumbi mabegani kama mtu aliyerudi shambani tu, na machozi yanamtoka. Mimi nilifurahi mpaka nikataka kuruka. Furaha hiyo haikukaa. Bwana Mawe aliniagiza vitabu vipya vya manila pale pale, kwa hiyo Bwana Hirji hakupoteza mteja. Aliyepoteza ni Masanja. Aliambiwa arudi kwao, kwa kuwa mgodi hauajiri mtu aliyewahi kushukiwa. Nilirudi barazani nikasema ikiwa kosa halikuwa lake, kwa nini aondoke? Bwana Mawe alisema kazi yangu ni karatasi. Nikarudia swali. Akaingia ndani akafunga mlango.

Tulirudi kwa lori moja watu watatu. Baada ya Kahama ndipo nilipopata moyo wa kusema. Nilimweleza Masanja habari ya ulimi, ya kidole chenye chaki, na ya swali la Mzee Feruzi. "Nilifundishwa kuuliza karatasi italala wapi," nikamwambia. "Nilijibu kabla ya kuuliza. Nisamehe."

Masanja alikuwa akitazama barabara. "Karatasi yako ililala kwenye mfuko," alisema. "Mimi nililala stoo siku tisa. Huyo mzee wako aongeze swali."

Nililiongeza. Tangu siku ile hapana oda niliyoichukua bila kuuliza mambo mawili: karatasi italala wapi, na ikiharibika ni nani atakayelala ndani. Bwana Hirji alisema nawatisha wateja. Wengine waliondoka kweli, wakaenda kuchapa mjini Tabora. Mzee Feruzi kabla ya kufariki alikuja kusikia nikiyauliza, akarekebisha miwani yake, akasema swali la pili ni bora kuliko lake. Sikumwambia nililipata kwa bei gani, alijua.

Wiki iliyopita, ilipokuwa siku yangu ya mwisho, Masanja aliingia. Amezeeka kidogo, analima pamba Kishapu, na wenzake wamempa kazi ya kutazama mizani ya soko lao. Alitaka matangazo ya soko. Nilimpa kiti, nikafungua kinywa kuuliza, akanyoosha mkono kunizuia.

"Yatalala nguzoni," alisema. "Mbuzi bado wapo, shubiri usisahau. Na yakiharibika atakayelaumiwa ni mimi tena."

Nilichapa kazi hiyo mwenyewe, macho yangu yakiwa karibu na karatasi kuliko inavyofaa. Nilichapa ishirini zaidi ya alizoomba, nikazifunga kwa kamba, nikambebea mpaka barabarani. Donge la Geita nimeliacha kwenye droo ya juu, upande wa kushoto wa rafu ya karatasi. Msilitupe.